Sekunde Tatu za Mama Chaji

Alikuwa anaongea na simu za watu. Nasema simu zenyewe, si watu walio upande wa pili. Mteja akimkabidhi simu iliyozima, aliigeuza, akaifuta vumbi kwa upindo wa kitenge, akachomeka waya, kisha akaiambia kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara, "Umekufa tena? Haya, inuka mwanangu." Halafu alimpa mwenye simu kipande cha boksi chenye namba, na kipande kingine chenye namba ile ile akakibana kwenye simu kwa mpira.

Kibanda chake kilikuwa kati ya mashine ya kusaga na karakana ya kuchomelea mageti, kwenye njia ya kutoka Izia kwenda stendi ya Sumbawanga. Sisi wa mtaani tulimwita Mama Chaji. Ana jina lake na ninalijua, ila sitaliandika. Nimeshachukua kitu chake kimoja nikakisambaza Ufipa nzima. Kimoja kinatosha.

Nilimjua tangu nikiwa kidato cha tatu, lakini kumjua hasa kulianza niliporudi kutoka chuo Dodoma na shahada ya kompyuta na laptopu ambayo betri yake haikukaa hata robo saa. Nyumbani umeme wa luku ulikuwa wa taa na redio ya baba. Baba hakunikataza kuutumia. Alikuwa tu akiitazama laptopu, kisha mita, kisha ukuta, na mimi nilikuwa mtu wa kukesha nikitafsiri mtazamo wa namna hiyo hadi asubuhi. Nikahamia kwenye benchi la Mama Chaji. Mwaka wa pili bila kazi ulinikuta pale, nikitengeneza mchezo wa simu.

Mchezo huo ndio ulikuwa tumaini langu lote. Barua za maombi nilikuwa nimezituma mpaka nikachoka kuzihesabu. Nilijiambia kwamba mchezo ukipendwa na watu, hata wachache, nitakuwa na kitu cha kuweka mezani mbele ya mtu mwenye kazi ya kutoa. Usipopendwa, nitarudi shamba la ulezi na shahada yangu. Mama Chaji alilijua hilo kabla sijamwambia.

"Msomi," alisema siku moja, maana hilo ndilo jina alilonipa, "wewe unafikiri kama mtu anayepepeta ulezi kwenye upepo wa Julai. Unapepeta, unapepeta, mpaka ulezi wenyewe unaondoka na makapi."

Alikuwa na kanuni zake. Simu ya mtu mwenye mgonjwa hospitali ilichajiwa kwanza, na bure. Hakupokea simu ya mteja hata ikiita mara kumi, ila alilitazama jina na kutoa hukumu: "Huyu anaitwa Mpenzi Mbili. Na mwenye simu ni mzee wa kanisa." Jumapili hakumwekea mtu nyimbo za dunia kwenye memori kadi hadi misa ya pili iishe. Misa ikiisha tu, aliziweka zote, hata zile za matusi, huku mwenyewe akiimba wimbo wa kwaya aliotoka nao kanisani. Nilipomuuliza inakuwaje, alisema Mungu naye anapumzika saa sita mchana.

Michezo ya simu aliidharau. Kwake ilikuwa kazi ya watu wasio na kuni za kutafuta. Yeye mwenyewe alitumia kiswaswadu cha vitufe, chenye tochi, na hakuwahi kugusa mchezo wowote, wangu au wa mtu mwingine. Lakini kwa miaka yote hiyo alikuwa amekaa akiwatazama watu wakicheza huku wakisubiri unga wao utoke mashineni, na alikuwa anaelewa kitu ambacho mimi nilikitafuta kwenye video za wazungu kwa bando la kuungaunga.

"Tazama macho," aliniambia. "Akianza kuvuta pumzi kwa pua, amekasirika lakini bado yupo. Akiinua macho kutazama barabara, umemkosa. Hata umpe nini."

Mchezo wangu ulikuwa wa mkokoteni wa ng'ombe. Mchezaji anaongoza jozi ya maksai kutoka shambani hadi soko la mjini, anakwepa mashimo, matope na mitaro, na magunia yasidondoke. Rangi ya maksai peke yake ilinichukua siku kumi na mbili. Niliogopa wakiwa weupe wataonekana wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni, watu wadhani nimeleta siasa. Nikawafanya wa kahawia. Nikaogopa kwamba kahawia haitaonekana kwenye barabara ya vumbi. Nikawarudisha weupe, nikawatia mabaka.

Siku nilipomwonyesha Mama Chaji, hakuangalia maksai kabisa.

"Safari yako ni ndefu kuliko debe la mahindi," alisema.

"Sijaelewa, Mama."

"Huyu aliyekaa hapo ameleta debe moja. Foleni ikiwa fupi, kusaga debe ni muda wa nyimbo tano au sita, si zaidi. Unga ukitoka kabla hajafika sokoni na huo mkokoteni wako, atazima simu, atabeba unga, hatarudi. Mpe safari aimalize, aanguke, arudie, amalize tena, ndipo unga utoke. Hapo atakwenda nao mpaka nyumbani."

Nilifupisha barabara. Kisha akasema mchezo unakula chaji mno, kwamba simu aliyoijaza asubuhi imerudi saa sita. Nilimkumbusha kwamba simu zikifa haraka ni faida kwake. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mtu wa Mwimbi akija huku na simu ikafa, atampigiaje mkewe? Punguza huo mwanga wako." Nikapunguza.

Kitu kilichoufanya mchezo upendwe kwanza, kabla ya kingine nitakachokieleza, kilitokana na hasira yake. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amejiinamia akicheza, mzee akapita, kijana hakumwamkia. Mzee akasimama. Akakohoa. Kijana akaendelea kucheza. Mzee akamgonga ugoko kwa fimbo.

"Shikamoo babu!" kijana aliruka.

"Sasa marahaba ya nini," mzee akajibu, "umeamkia fimbo."

Watu walicheka, ila Mama Chaji hakucheka. Alinigeukia. "Wewe ndiye unayewafundisha. Katika huo mchezo wako wanapita wazee kama mashina ya miti."

Wazee wale nilikuwa nimewachora kando ya barabara kama pambo tu. Mama Chaji akataka mkokoteni usimame kwa kila mzee, mwongozaji achuchumae na kupiga makofi mawili ya taratibu, kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu. Asipofanya hivyo, mzee asiseme neno, amtazame tu, na mbele kidogo gurudumu lichomoke. Nilipinga. Nilikuwa nimesoma kila mahali kwamba mchezaji hapendi kusimamishwa.

"Hapendi kusimamishwa na matangazo," alisema. "Mzee si tangazo."

Nikatii kwa shingo upande. Unagusa kioo kwa vidole gumba viwili pamoja, mara mbili, taratibu. Ukigusa haraka mzee anaona huna adabu. Vijana wa bodaboda walipoujaribu, benchi lote lilipiga kelele. "Oya, amekutazama! Amekutazama huyo, gurudumu hilo linakuja!" Wakaanza kubishana ni mzee yupi ana kinyongo zaidi. Wakawapa wazee wale majina ya wajomba zao. Hakuna aliyeinua macho kutazama barabara.

Sasa nifike kwenye sauti.

Mkokoteni ukianguka, mwanzoni yaliandikwa maneno ya Kiingereza, yale yale ya michezo yote. Mama Chaji alisomewa, akauliza maana yake, akaguna. "Mtu ameanguka na magunia yake, unamwambia imekwisha? Unamwambia pole, inuka." Siku hiyo binti yake wa mwisho, aliyeolewa Mwimbi, alikuwa amekuja mjini kliniki na tumbo la miezi saba. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akila muhogo mbichi, akimtania mama yake kwamba anazipenda simu za watu kuliko watoto aliowazaa. Mteja akaleta simu. Mama Chaji akaichomeka na kuiambia maneno yake ya siku zote, na binti yake akaangua kicheko, kifupi, cha puani, kama mtu aliyepaliwa. Mimi nilikuwa na simu mkononi na kinasa sauti kimewashwa. Nilikuwa nakusudia kunasa mlio wa mashine ya kusaga.

Nilipowasikilizisha nilichonasa, binti alicheka tena hadi akashika tumbo. Mama Chaji alifunika mdomo kwa kitenge. "Ndiyo sauti yangu hiyo? Kama mbuzi aliyefungiwa."

"Mama, niiweke kwenye mchezo?"

"Usiiweke. Sauti ya mtu si ya kugawagawa."

"Kwa majaribio tu. Hapa hapa benchini."

Alikuwa amemgeukia mteja. Nami, niliyetumia siku kumi na mbili kwa rangi ya ng'ombe, hili nililifikiria kwa muda wa kunywa chai. Niliikata sauti, nikaacha kile kicheko mwishoni, kwa sababu kilimfanya mtu aliyeanguka asikasirike. Sekunde tatu kamili. Nikawarushia vijana wanne wa bodaboda wajaribu.

Kwetu mtu hapakui mchezo kutoka duka la mtandaoni. Bando ni la kusikia sauti ya mtoto aliye mbali, si la kuchezea. Kitu kizuri kinatoka simu hadi simu, watu wamekaa karibu karibu, bila mtandao. Wale wanne waliwarushia wenzao stendi. Wa stendi wakawarushia makondakta. Baada ya wiki mbili nilitoa toleo safi, lisilo na sauti, nikampa kijana mmoja, akaniangalia kwa huruma.

"Dada, hii imepoa. Nirushie ile ya Mama anayesema umekufa."

Niliona aibu kumkabili. Nikamkabili. Nilisahau hata kumwamkia, na yeye akaona.

"Kwanza shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo Mama. Ile sauti imetoka. Ipo kwa watu."

"Unadhani sijui? Jana nimepita sokoni, muuza dagaa ananiambia inuka mwanangu. Mimi na umri wangu." Alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Itakupa kazi?"

"Labda, Mama. Wakiupenda wengi."

Alichomoa simu iliyokuwa imejaa, akaiweka kando. Kisha akasema, "Basi tuugawe vizuri. Kitu kikishatoka nje ya nyumba, afadhali kitembee kimevaa."

Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa soko langu. Video zile zilinifundisha kutafuta watu maarufu wausifie mchezo, na kununua matangazo. Mama Chaji alikuwa na kibanda. Simu zilitoka Laela, zilitoka Mwimbi, zilitoka vijiji ambavyo sijafika. Aliyeleta simu janja aliulizwa, "Nikuwekee mkokoteni wa Msomi wetu?" Akikubali, mimi nilimrushia. Akikataa, Mama alimwambia, "Sawa, endelea kutazama ukuta." Na mtu akiuanzisha pale pale na kuanguka, sauti mbili zilimjibu kwa pamoja, ya simu na ya Mama mwenyewe, na watu walikuwa wanakuja kusikia hilo tu. Nadhani alianza kulifurahia. Mlevi mmoja alimwita kwa yale maneno barabarani, naye akamjibu, "Wewe hata nikikuchaji wiki nzima hujai." Nadhani alifurahi. Sijui. Nimelifikiria sana na sina hakika.

Miezi miwili haikutimia, uzazi ukamchukua binti yake. Mtoto alipona.

Binti alizikwa Mwimbi, kwa mumewe. Nilikwenda na akina mama wa mtaani kwenye lori la mahindi, tumekaa juu ya turubai. Njiani nilifikiria nitasema nini. Nilipanga sentensi, nikazipangua. Tulipofika nilikuwa sina hata moja, nikaingia ndani, nikapiga magoti mbele yake kwenye mkeka, nikashika mkono wake. Aliniambia, "Umekuja, Msomi," basi.

Mchana, padri alikuwa amemaliza na jeneza limefunikwa udongo, watu wakiwa bado wamekaa makundi makundi uani, kimya kile cha watu waliochoka kulia. Nyuma ya jiko, upande wa vijana waliochota maji, ikatoka sauti.

"Umekufa tena? Haya, inuka mwanangu."

Kisha kicheko. Kifupi, cha puani.

Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango aliinua kichwa. "Nani huyo anamwita?"

Kijana wa watu alikuwa hajui chochote. Kwake ulikuwa mchezo tu uliofika Mwimbi kwenye simu ya binamu yake. Aliizima haraka baada ya kutazamwa, akainamisha kichwa. Nilikuwa nimeota siku ambayo nitaukuta mchezo wangu kijijini nisikowahi kufika, mikononi mwa mtu nisiyemjua. Siku yenyewe ndiyo hiyo. Mama Chaji hakumtazama kijana. Hakunitazama mimi. Alikuwa ameelekeza uso jikoni, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesubiri neno la pili. Nilidhani ameumia. Nilidhani nimeona chuki. Nilijengea uso ule mambo mengi, kwa miaka miwili, na hakuna hata moja nililokwenda kumuuliza.

Aliporudi mjini alifungua kibanda kama kawaida, ila aliacha kuzisemesha simu. Alichomeka waya, akatoa namba, akakaa. Wateja walijifunza kutomtania. Mimi nilizunguka vijiweni na laptopu begani nikiomba watu waufute mchezo ule, niwape mwingine. Wengine walisema ndiyo wakauacha. Mmoja aliniambia, "Dada, wewe ulitoa bure, sasa unarudi kukusanya?" Ungekuwa wa mtandaoni ningebadilisha kitu kimoja mahali pamoja na kila simu ingefuata. Huu ulikaa kwenye memori kadi mia mahali pasipo na mtandao, na haukuwa na kamba ya kuuvutia nyuma. Njia ile ile iliyoufikisha mbali ndiyo iliyonizuia kuurudisha.

Kwenye benchi lake sikurudi. Nilijiambia namwachia nafasi apumue. Nilipita njia ya nyuma ya karakana, nikihesabu mapito yangu kama heshima. Siku nilipopata ujasiri wa kupita mbele, mlango ulikuwa na kufuli na watu wa mashine ya kusaga walikuwa wamepanga magunia pale. Walisema amekwenda Laela kumlea mjukuu, maana baba wa mtoto alikuwa amehamia huko kununua nafaka.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo baya kuliko yote.

Baada ya hapo niliitwa Mbeya, kwenye ofisi iliyokuwa inatafuta vijana wa kutengeneza michezo na programu za simu. Watu watatu mezani. Niliwaonyesha toleo safi. Waliucheza kwa adabu. Mmoja aliinua macho akatazama dirishani, na nikajua nimemkosa. Mkoba wangu ulikuwa na simu ya zamani. Ilikuwa na ile ya sauti. Nilikuwa nimewaambia wote wafute na mimi sikuifuta. Niliitoa. Niliangusha mkokoteni kwa makusudi.

"Umekufa tena? Haya, inuka mwanangu." Na kicheko.

Wote watatu walicheka. Yule wa dirishani aliomba arudie. Akauliza wazo la sauti lilitoka wapi, na lile la wazee, na nimewezaje kuusambaza bila matangazo. Nikasema, "Nilifanya utafiti wa watumiaji." Nikasema, "Mkakati wangu ulikuwa kuwafuata watu mahali wanaposubiri." Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa *wangu*. Kazi nikaipata.

Nilimwona mara ya mwisho kutokea kwenye dirisha la basi, nikitoka likizo nyumbani kurudi Mbeya. Basi lilisimama Laela, na wauzaji wakalivamia kama kawaida yao, mahindi ya kuchemsha, karanga, viazi, kila mmoja akipiga kelele kuliko mwenzake. Katikati yao alikuwepo mwanamke mmoja aliyeinua beseni lake juu bila kusema kitu. Anauza kimya. Nilimtambua kwa kitenge kwanza.

"Shikamoo Mama."

Alinyanyua uso. "Marahaba. Ni Msomi?"

"Ni mimi, Mama. Habari za siku?"

"Za siku ni nyingi. Unakwenda wapi?"

"Mbeya. Kazini."

"Ulipata." Alitabasamu, tabasamu la kweli, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. "Nilisema. Mkokoteni ule ulifika."

Akasogea karibu na dirisha, akashusha beseni kwenye nyonga. Alipunguza sauti, yeye ambaye zamani alisikika ng'ambo ya barabara.

"Ile ya sauti yangu. Unayo bado?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi miaka miwili. Nilikuwa nimelipanga na kulipangua usiku na mchana, nikitafuta namna ya kumpa angalau kitu kimoja kilichonyooka.

"Hapana, Mama. Niliifuta. Nilizunguka kote, nikaifuta. Haipo tena."

"Haipo kabisa?"

"Kabisa. Usiwe na wasiwasi."

Alitikisa kichwa polepole. Alitazama karanga zake, akapanga vipimo viwili vilivyokuwa vimeinama. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Ni kwamba mwishoni pale kuna mtu anacheka. Ni yeye. Nimewauliza vijana wa hapa, hawana, wameshafuta wakaweka mchezo wa mpira. Huyu mjukuu anacheka vile vile, kwa pua. Namwambia unacheka kama mama yako, haelewi. Nilitaka asikie."

Simu ya zamani ilikuwa kwenye mkoba, juu ya mapaja yangu. Niliihisi kupitia kitambaa.

Ningeweza kusema, Mama, ninayo. Lakini hapo angejua nimemdanganya sasa hivi, uso kwa uso. Na akijua hilo, angeuliza kwa nini nimeitunza, na ningelazimika kumwambia kuhusu meza ya Mbeya na watu watatu waliocheka. Ningesema ipo kwa rafiki. Rafiki gani? Ningesema nitaitafuta. Hilo lilikuwa zuri, nitaitafuta, ila lilihitaji sauti yenye mashaka kidogo, isiyo na uhakika mno, na nilikuwa bado naitafuta sauti hiyo pale konda alipogonga ubavu wa basi. Dereva aliondoa gari. Mama Chaji alirudi nyuma hatua moja, akainua mkono, akaniambia nisalimie nyumbani, na mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Tulipoyapita maghala ya mwisho ya mahindi nilikuwa nimekwisha kuipata sentensi yenyewe. Ilikuwa nzuri sana.

Tangu siku hiyo nimepita Laela mara nne. Nakata tiketi mapema, nachagua kiti cha upande wa barabara, ambako wauzaji hawafiki. Simu ile natembea nayo, na naichaji. Basi husimama pale dakika kama kumi, watu wanunue, waende chooni, warudi. Sauti yenyewe ni sekunde tatu.